Kabla ya Kumshuku Mweka Hazina: Somo la Jedwali la Kompyuta kwa Kamati za Miradi



Ukurasa huu wa mafunzo umezoea kuzungumzia ufugaji wa mbuzi wa maziwa, uvunaji wa maji ya mvua na namna ya kuandika andiko la mradi. Safari hii nimeomba nafasi nizungumzie kazi ya mezani, yaani jedwali la kompyuta, lile ambalo wengi wetu huliita Excel hata kama programu iliyomo kwenye kompyuta ni nyingine. Sababu iliyonifanya niombe nafasi si ya kujivunia. Nitaieleza kama ilivyotokea, kwa kuwa na mimi nimo.

Kilichotokea

Kamati ya mradi mmoja wa matangi ya maji ya shule ilikuwa inafunga hesabu za awamu ya kwanza. Bila ripoti ya matumizi, awamu ya pili isingetolewa, na mafundi walikuwa wameshachimba msingi wa tangi la pili. Fedha zilizotolewa benki zilikuwa Sh. 14,620,000. Kwenye sanduku zilibaki Sh. 85,000. Kwa hiyo vocha za matumizi zilitakiwa kufika Sh. 14,535,000, na daftari la mweka hazina, lililoandikwa kwa kalamu, lilionyesha hivyo hivyo. Jedwali la kompyuta lilionyesha Sh. 12,670,000. Zilipungua Sh. 1,865,000.

Mweka hazina huyo ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, ameshika fedha za usharika kwa miaka mingi. Katika kikao alisema daftari lake liko sawa na vocha zote zipo. Mjumbe mmoja akamjibu kwa upole, "Mama, wewe umejumlisha kwa mkono. Kompyuta haikosei." Hakuna aliyepinga, hata mimi niliyetoka ofisi ya dayosisi na niliyetakiwa kujua zaidi. Barua ya kumwomba akae pembeni kupisha uchunguzi niliisaini pamoja na mwenyekiti. Siku hiyo hiyo alikabidhi funguo mbili za sanduku, kitabu cha stakabadhi na daftari, akadai asainiwe kwamba amekabidhi.

Jumapili tatu zilizofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na ibada ikiisha alikuwa wa kwanza kuondoka. Usharika mdogo hauna siri. Kila mtu alijua zimepungua milioni moja na laki nane.

Katika wiki ya tatu niliketi na kijana wa ofisi tukasoma vocha moja moja huku tukiangalia jedwali. Vocha zote zilikuwepo. Zaidi ya hapo, zote zilikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta, kila moja na kiasi chake sahihi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kama kila mstari ni sahihi, jumla inakosaje?

Mistari 23 ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, kijana aliyejitolea kusaidia mwezi mmoja. Aliandika fedha kama sisi sote tulivyofundishwa kuandika: 48,000/=. Kwa jicho la binadamu hiyo ni elfu arobaini na nane. Kwa kompyuta si fedha wala si namba. Ni maneno, sawa na "saruji" au "nauli". Na fomula ya kujumlisha ikikuta maneno katikati ya namba hailalamiki. Inayaruka na kuendelea na safari. Tulijumlisha ile mistari 23 kwa kikokotoo, ikaja Sh. 1,865,000 kamili.

Kosa hilo kwa kawaida linaonekana kwa macho, maana programu huweka namba upande wa kulia wa kisanduku na maneno upande wa kushoto. Lakini kijana wetu, kwa kupenda unadhifu, alikuwa ameweka safu nzima katikati, kwa hiyo vyote vilipangana vizuri.

Jedwali linafanya nini

Kwa wanakamati ambao hawajakaa mbele ya kompyuta, jedwali ni daftari lenye mistari inayolala na safu zinazosimama. Safu zina herufi, A, B, C. Mistari ina namba, 1, 2, 3. Mahali vinapokutana ni kisanduku, na kila kisanduku kina jina lake, kama nyumba yenye namba: E5 ni safu ya E, mstari wa 5. Ndani ya kisanduku unaweza kuweka maneno, namba, au fomula. Fomula huanza na alama ya sawasawa, nayo inaiambia kompyuta ichukue vitu vya visanduku vingine na kuvifanyia hesabu.

Kazi yote ya jedwali imo katika hilo la mwisho. Programu ya kwanza ya aina hii kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1979. Aliyeibuni, Dan Bricklin, alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, na wazo lilimjia akiwaza jinsi mwalimu ubaoni anavyolazimika kufuta na kuandika upya mistari mizima kila namba moja inapobadilika. Alitaka ubao unaojirekebisha wenyewe. Ajabu ni kwamba ofisi nyingi nilizotembelea zina ubao huo, na bado karani anajumlisha kwa kikokotoo pembeni kisha anaandika jibu kwa mkono chini ya safu. Akisahihisha vocha moja kesho, jumla inabaki ile ya jana.

Mfano wa kufanyia mazoezi

Fungua karatasi mpya. Acha mistari mitatu ya juu wazi. Mstari wa 4 andika vichwa: Tarehe, Vocha, Maelezo, Fungu, Kiasi. Kuanzia mstari wa 5 hadi wa 12 andika haya, kila vocha mstari wake, na kiasi ukiandike hivi hivi kilivyo hapa, pamoja na makosa yake:

3 Februari, 41, Saruji mifuko 20, Vifaa, 340000
5 Februari, 42, Mchanga tripu 2, Vifaa, 160000
5 Februari, 43, Nauli ya fundi, Usafiri, 12000
11 Februari, 44, Nondo, Vifaa, 285000
12 Februari, 45, Chakula cha vibarua, Vibarua, 48,000/=
14 Februari, 46, Malipo ya vibarua, Vibarua, 150,000/=
18 Februari, 47, Mabomba, Vifaa, 96000
20 Februari, 48, Nauli ya kufuata mabomba, Usafiri, 15000

Sasa nenda kisanduku E1, juu kabisa, uandike =SUM(E5:E500) kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Utapata 908,000. Jumlisha kwa kikokotoo na utapata 1,106,000. Zile 198,000 za vibarua hazimo, na hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Kwenye E2 andika =COUNTA(E5:E500)-COUNT(E5:E500). Sehemu ya kwanza inahesabu visanduku vyote vyenye kitu chochote, sehemu ya pili inahesabu vyenye namba tu. Jibu litakuwa 2, yaani kuna visanduku viwili ambavyo mwandishi alidhani ni fedha na kompyuta haikubali. Jedwali lililo salama huonyesha 0 hapo. Kisanduku hicho kimoja, kama kingekuwepo kwenye jedwali la mradi ule, kingeonyesha 23 siku ile ile ya kikao, na yule mama angeendelea kukaa benchi lake la kawaida.

Kurekebisha ni rahisi. Bofya herufi E juu ya safu ili uchague safu nzima. Shika kitufe cha Ctrl ubonyeze H. Mahali pa kutafuta andika /= na mahali pa kubadilisha usiandike kitu. Amuru ibadilishe zote. Jumla itaruka kufika 1,106,000 na E2 itasoma 0. Kuanzia hapo andika namba tupu, 48000, bila mkato, bila Sh., bila /=. Ukitaka mkato uonekane, chagua safu kisha bofya alama ya mkato iliyopo juu ya ukurasa; programu itaupamba yenyewe bila kugeuza namba kuwa maneno. Angalia pia herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri. Macho yangu ya miaka arobaini na kitu yameshindwa nayo mara mbili.

Umeona kwamba jumla nimeiweka juu badala ya chini. Wahasibu wa zamani hawapendi, lakini nina sababu. Jumla ikiwa chini, vocha mpya zinapoongezwa huingizwa mahali pa mwisho, na fomula inayosema E5:E12 inaweza isifike mstari wa 13. Mara nyingine programu huirefusha yenyewe, mara nyingine haifanyi hivyo, na kisichotabirika hakifai kwenye fedha za watu. Ukiiweka juu ukaipa nafasi hadi mstari wa 500, vocha mpya inaingia chini na kuhesabiwa mara moja.

Kosa la fomula isiyofika chini halichagui elimu. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, likanukuliwa na viongozi wa nchi kubwa waliokuwa wanabana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Thomas Herndon, aliomba jedwali lao akalifungua. Miongoni mwa makosa aliyoyakuta, fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Wachumi wenyewe walikiri kosa hilo la jedwali. Namkumbuka mwanafunzi huyo kila ninapomsikia mjumbe akisema yeye si msomi, hawezi kuuliza habari za kompyuta.

Majina yaliyobadilishana madeni

Hili la pili lilitukuta kwenye orodha ya watoto wanaolipiwa ada. Karani alitaka majina yafuate alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akaamuru ipangwe. Programu ilimwuliza kama ipange na safu za jirani, yeye kwa haraka akajibu iendelee na ile tu. Majina yakahama, madeni yakabaki palepale. Mtoto aliyelipiwa ada yote akaonekana anadaiwa, na aliyekuwa anadaiwa akaonekana amemaliza. Barua zilikuwa zimeshaandikwa kwa walezi kumi na mmoja kabla bibi mmoja hajaja ofisini na stakabadhi yake imekunjwa ndani ya kitambaa.

Kwa hiyo, unapotaka kupanga, usichague safu. Bofya kisanduku kimoja tu ndani ya orodha, kisha uamuru. Programu itashika orodha nzima yenyewe, mradi hujaacha safu tupu katikati. Safu tupu ni kama mto, ng'ambo yake haionekani. Na kabla ya kupanga, weka safu ya kwanza yenye namba 1, 2, 3 hadi mwisho. Ukiharibu, unapanga tena kwa namba hizo na kila mtu anarudi nyumbani kwake. Ukigundua hapo hapo, Ctrl na Z vinarudisha nyuma. Ukigundua wiki ijayo haviwezi, ndiyo maana nakala ya faili ya kila mwisho wa mwezi, yenye tarehe katika jina lake, si anasa.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwetu, hasa za msaada, zimewekwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha 3 Aprili, yenyewe inaelewa 4 Machi na hainung'uniki. Ukiandika 25/03/2025 inatafuta mwezi wa 25, inaukosa, inaifanya kuwa maneno. Safu moja inakuwa na tarehe za uongo na maneno yaliyochanganyika, na ripoti ya robo mwaka inachukua vocha za robo nyingine. Mwombe fundi abadilishe mpangilio wa kompyuta yenyewe uwe wa Tanzania au Uingereza, au andika jina la mwezi kwa herufi. Wanasayansi wa vinasaba waliteseka na jambo hilo hilo: vinasaba vyenye majina ya mkato kama SEPT1 na MARCH1 vilikuwa vinageuzwa tarehe kila vikiingizwa kwenye jedwali, mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilipotangaza kwamba imevibadilisha majina. Ilikuwa rahisi kubadili sayansi kuliko kubadili programu.

Namba za simu, na namba za stakabadhi zinazoanza na sifuri, hupoteza sifuri hiyo kwa sababu kompyuta inaona haina kazi. Tanguliza alama ya king'oshi ' kabla ya namba na sifuri itabaki. Hizi zikiwa maneno si tatizo. Hakuna anayejumlisha namba za simu.

Na kwa sharika zenye marafiki Ujerumani: wenzetu huko huandika nukta mahali sisi tunapoweka mkato, na mkato mahali pa nukta. Bajeti iliyonakiliwa kutoka kwenye barua pepe yao ikisema 340.000, kompyuta ya hapa inaisoma mia tatu na arobaini. Nimeona tangi zima la maji likigharimu chini ya soda moja.

Kujua fedha imekwenda wapi

Mfadhili hataki jumla tu. Anataka kujua vifaa ni kiasi gani, usafiri kiasi gani, vibarua kiasi gani. Kamati nyingi hutengeneza karatasi tofauti kwa kila fungu, kisha vocha moja inaandikwa mara mbili au haiandikwi kabisa. Usigawe orodha. Iache moja, ndefu, kila vocha mstari mmoja, na safu ya Fungu ifanye kazi ya kugawa. Kwenye karatasi ya pili, ya muhtasari, utaandika fomula kama hii, iliyoandikwa hapa kana kwamba iko karatasi ile ile: =SUMIF(D5:D500,"Vifaa",E5:E500). Inasema: pita safu ya D, kila unapokuta neno Vifaa, chukua kiasi cha mstari huo kwenye E, ujumlishe. Katika mfano wetu uliosahihishwa itatoa 881,000. Usafiri itakuwa 27,000 na vibarua 198,000. Kompyuta nyingine zinataka nukta mkato mahali pa mkato ndani ya fomula. Ukikataliwa, jaribu hivyo.

Jumlisha mafungu yote matatu ulinganishe na E1. Yasipolingana, kuna mtu ameandika "Vifa" au "Vibaruwa", na fomula haimtambui. Dawa ni kuweka orodha ya kuchagua ndani ya safu ya Fungu, iliyopo kwenye sehemu ya Data ya programu, ili karani achague badala ya kuandika. Inachukua dakika tano kuiweka.

Kuchuja, kwa amri ya Filter, kunasaidia mno kwenye kikao: mjumbe akiuliza "nauli zote ziko wapi," unachuja na zinabaki nauli peke yake ukutani au kwenye skrini. Kumbuka tu kwamba SUM haijali kuchuja. Inaendelea kujumlisha hata mistari isiyoonekana. Ukitaka jumla ya inayoonekana, tumia =SUBTOTAL(9,E5:E500). Nimeshuhudia kikao kikibishana nusu saa kwa sababu nauli mbili zilizokuwa mbele yao zilikuwa na jumla ya milioni moja.

Kwa ripoti za euro au dola, kiwango cha kubadilishia kiandike mahali pamoja tu. Tuseme kiko kisanduku G1, na ni 2,700. Kwenye F5 andika =E5/$G$1 kisha uinakili kushuka. Zile alama za dola hazihusiani na fedha. Ni misumari inayozuia G1 isihame. Bila misumari, mstari unaofuata utagawa kwa G2, ambayo ni tupu, na utaona #DIV/0! safu nzima. Ukiona hivyo mshukuru Mungu, maana kosa limejitangaza. Hatari ni pale G2 inapokuwa na namba nyingine, jibu linakuja, na linafanana na jibu. Jumla ya mfano wetu, 1,106,000, inakuwa euro 409.63. Kiwango kikibadilika unarekebisha G1 peke yake.

Maswali ya mwenyekiti asiyegusa kompyuta

Mwenyekiti wa kamati hahitaji kujua haya yote. Katika kikao cha kupitisha ripoti, amwambie karani afungue jedwali lenyewe, si karatasi iliyochapishwa, abofye kwenye jumla. Juu ya ukurasa kuna mstari unaoonyesha kilichomo ndani ya kisanduku. Kama hapo hakuna alama ya sawasawa, jumla hiyo imeandikwa kwa mkono na kikao kina haki ya kuuliza imetoka wapi. Kisha aulize mstari wa mwisho wa orodha ni wa ngapi na kama fomula inaufikia. Kisha achague vocha tano zozote kutoka kwenye faili la karatasi, azitaje, na karani azionyeshe. Hayo yanatosha kwa dakika kumi.

Wala tusidhani ni udhaifu wa vijijini. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa korona nchini Uingereza waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu majibu ya maabara yalimiminwa kwenye faili la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mstari wa 65,536. Yaliyozidi yalidondoka kimya. Majina ya waathirika yalichelewa kufika kwa wanaofuatilia waliokuwa karibu nao. Faili za aina mpya, kuanzia 2007, zinachukua mistari 1,048,576, na hakuna mradi wetu utakaozijaza. Lakini kimya kile ni kile kile kilichotukuta sisi.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja, nalo nalisema kwa heshima. Fomu za ripoti mnazotutumia mara nyingi zimefungwa kwa nywila, zina visanduku vilivyounganishwa, na nafasi ya mistari ishirini tu. Kamati yenye vocha mia moja na kumi inalazimika kuzifunga pamoja ili zitoshe, na kila mkono unaozifunga unaweza kudondosha moja. Tupokeeni orodha yetu ndefu kama ilivyo, pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja, na mdai faili lenyewe badala ya picha yake, ili mfanye kama alivyofanya yule mwanafunzi wa Amherst. Majina na simu za watoto tutayaondoa kabla ya kutuma. Na ofisi isiyo na fedha za kununua Excel isikae na nakala ya wizi: LibreOffice ni ya bure, na mfano wote wa somo hili unafanyika humo.

Kuhusu yule mama. Tulikwenda nyumbani kwake watatu, mwenyekiti, mchungaji na mimi, tukamweleza tulichokikuta na kumwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuletea chai, kisha akauliza, "Na hiyo kompyuta nayo mmeiandikia barua ikae pembeni?" Hatukuwa na jibu. Barua ya kufuta ile ya kwanza ilisomwa mbele ya usharika Jumapili iliyofuata, kwa ombi lake.

Amerudi kazini kwa sharti moja: daftari la kalamu linabaki, na kila mwisho wa mwezi yeye anasoma jumla ya daftari kwa sauti na kijana anasoma E1 na E2. Mwezi uliopita zilitofautiana kwa Sh. 4,000. Waliitafuta vocha moja moja mpaka jioni, wakaikuta. Safari hii kosa lilikuwa la kalamu, na alilisahihisha mwenyewe kwa wino mwekundu, akaweka saini pembeni.